Mpira wa Tunguu Juu ya Kikombe cha Kahawa

Ibra, Sharqiyah,
Oman.
Alkhamisi, 3 Machi 2005

Mpendwa mdogo wangu Yaarub,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo yako ya kwenye barua imenifikia, na marahaba, ewe mwanamme unayeficha mvi zako chini ya kofia ya besiboli kwenye kila picha unayotuletea. Natumai waraka huu utakukuta mzima, wewe na mkeo Shurooq na watoto, na kwamba ile theluji uliyosema imefika kwenye madirisha imeshayeyuka. Hapa kwetu baridi inaaga. Asubuhi tunavaa sweta, adhuhuri tunazivua, na mlimau wa uani umeshatoa maua.

Sisi sote hatujambo, alhamdulillah. Mama anakusalimu kabla ya mtu mwingine yeyote, na ameniamuru niandike hivyo hivyo. Goti lake la kulia linamsumbua akipanda ngazi, lakini macho yake bado yanaona sindano ikianguka zuliani, na ulimi wake unaujua mwenyewe. Juzi daktari, kijana mdogo, alimshauri apunguze halua. Mama akamjibu kwamba alianza kula halua kabla babake daktari hajazaliwa, na kwamba akitaka ushauri atamwita.

Mwanangu Hisham bado anafanya kazi kule Al Mintirib, kwenye kambi ya watalii, na kila akirudi nyumbani anaacha nusu ya jangwa mlangoni kwangu. Mdogo wake Rumaitha yuko chuoni Nizwa, mwaka wa pili, hasomi kama ninavyotaka mimi lakini anafaulu, basi nimenyamaza. Mimi nimestaafu ualimu tangu Juni. Watu walinitisha kwamba nitachoka kukaa bure. Sijakaa bure hata siku moja, na wa kulaumiwa ni wewe.

Maana ni wewe uliyeniambukiza maradhi haya ya mipira. Wanawake wenzangu wa Ibra wanakusanya dhahabu, na wengine vikombe vya kizungu. Mimi ninayo mipira mitatu ya besiboli kabatini, mchezo ambao sijapata kuuona ukichezwa. Wageni wakiniuliza nawajibu ni mambo ya mdogo wangu wa Amerika, wanatikisa vichwa na kunionea huruma.

Ule mpira wa kwanza ulioniletea ili kunipima, ninakiri, ulinipata. Niliusifu ukurasa mzima kwa jinsi saini zilivyokuwa safi, na wewe ukanijibu kwa mstari mmoja kwamba zote zimepigwa muhuri kiwandani. Tangu siku hiyo nimejua kwamba mkono wa mtu hukandamiza mwanzo wa jina na kujiachia mwishoni, na muhuri haujiachii. Wa pili ndio ule wa kweli, wa mchezaji ambaye hata huko kwenu hakuna anayemkumbuka. Wa tatu nimeupata kwa Hisham. Wazee wa Kimarekani walicheza mchangani pale kambini, wakatia saini zao kwa kalamu nene ya wino wa maji, na sasa wino umetambaa kwenye ngozi kama hina iliyopakwa kabla mkono haujakauka. Ninaupenda, ingawa najua ungeutupa.

Masomo yako yote nimeyaandika kwenye daftari la shule. Kwanza mshono, kisha ngozi, kisha wino, na jina liwe la mwisho, kwa sababu mjinga huanza na jina na mtu akilipenda jina huona analotaka kuona. Pale mishono miwili inapokaribiana ndipo pahala pa heshima, huachiwa nahodha au aliyeng'ara siku hiyo. Na mpira uliotiwa saini kisha ukaandikwa na jina la mtu mwingine, kwa fulani au kwa ajili ya fulani, hushuka daraja, kwa kuwa mkusanyaji hataki jina la mtu asiyemjua. Hilo nimelipigia mstari. Tutalirudia.

Sasa nije kwenye barua yako ya Januari. Nimeisoma mara nne, na mara ya nne niliivua miwani nikailaza mezani.

Picha sita nilizokuletea za mpira wetu, ule wa baba yako, unasema ulimwonesha bwana mmoja mtaalamu wa chama chenu cha wakusanyaji. Akasema mpira umezeeshwa. Akasema moshi ni hila kongwe, waghushi huchukua mpira mpya wakaufukiza mpaka ukawa wa kahawia, na kwamba pale nilipochora mshale na kuandika "hili ndilo jina la Baba Adham", chini ya lenzi yake lilionekana jina la Mmarekani. Na wewe ukamalizia kwa kuniandikia: "Dada, tuuache. Nimeshazoea kutokuwa na kitu chake."

Yaarub, nilikasirika. Nilimkasirikia yule bwana, nikakukasirikia na wewe kwa kumsikiliza. Niliujua mpira ule kama nyumba nzima ilivyoujua. Mama yako Rawya, mdogo wake Mama, Mungu amrehemu, alikuja nao kutoka Unguja mwaka 73, umefungwa ndani ya kofia ya baba yako, na ndicho kitu pekee kilichobaki chenye mkono wake. Karatasi zake zote zilipotea alipotutoka mwaka 64, wakati wewe una miaka miwili. Umekua ukiutazama ule mpira juu ya rafu ya mama yangu, umekalishwa kwenye kikombe cha kahawa, na umekua ukiambiwa usiuguse. Nadhani ndiyo maana umejaza nyumba mipira ya watu wengine. Nisamehe kama nimekosea, lakini mimi ni dada yako na nimekulea, naruhusiwa kukosea.

Hasira ilipopungua nikafanya kama ulivyonifundisha. Nikachukua lenzi, nikaanza na mshono na si jina. Nikaona kwamba yule bwana wako hakusema uongo. Mpira una moshi, moshi mwingi. Na pale nilipochora mshale, wallahi, ni jina la mtu mwingine. Mimi niliona "Adham" kwa sababu nilitaka liwe Adham. Mwalimu wa miaka thelathini nimesoma kwa moyo badala ya macho, na mwanafunzi wangu angefanya hivyo ningemsimamisha ukutani.

Basi nikakaa pale chini ya rafu na lenzi mkononi, na ilikuwa siku ya Alkhamisi jioni. Mama akaingia na chetezo. Unajua desturi yake, hajapata kuacha hata siku ya msiba: Alkhamisi baada ya alasiri anafukiza kanga zake, anafukiza kanzu za Ijumaa za watoto, kisha anazunguka chumba kizima. Akafika kwenye rafu, akakishika chetezo chini ya mpira, akahesabu salawati saba, akapita. Nimemwona akifanya hivyo miaka thelathini. Siku hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimwona khasa.

Nilicheka mpaka akaniuliza kama nimepata homa. Wiki baada ya wiki, tangu mwaka 73, mama yangu ameufukizia mpira wa mume wa mdogo wake kama anavyofukizia nguo za watu anaowapenda. Yule mtaalamu aliutambua moshi, lakini mama yangu Bi Turkiya hamjui.

Hata hivyo kicheko si ushahidi, na jina la baba yako lilikuwa bado halipo. Nikamwambia Mama yote, barua yako na mshale wangu na maneno ya yule bwana. Alinisikiliza huku akipuliza makaa. Kisha akaniuliza kama katika zile picha zangu sita niliuonesha mpira kwa chini. Nikamwambia hapana, si tumekatazwa kuuinua. Akanitazama kama anavyomtazama muuza samaki mwongo.

"Jina liko chini, mwanangu, ndani ya kikombe," akasema. "Mimi sikulificha. Nimelilaza kifudifudi, Rawya apate kula."

Mama yako, kumbe, tulipohamia nyumba hii alikuwa kila akiliona jina lile anaweka tonge chini. Wewe ulikuwa na miaka kumi na moja, hukumbuki au hukuambiwa. Siku moja mama yangu akaugeuza mpira bila ya kusema neno, jina likatazama chini, na Rawya naye akaisogeza sahani yake. Akala. Baadaye hakuna aliyeugeuza tena, hata alipofariki mwaka 88, maana jambo likishakuwa desturi humu ndani halina wa kulitengua. Mimi nilikuwa naishi nyumba hii hii na sikujua. Nimelia kidogo ninapoliandika hili, lakini si kilio kibaya.

Mama akanipa ruhusa. Kwa kuwa sina glavu za pamba, nikavaa soksi mpya za Rumaitha mikononi, na mwenye soksi, aliyekuja nyumbani mwisho wa wiki, akawa anacheka mlangoni. Kikombe kilikuwa kimeganda. Mafuta ya udi wa miaka yameungana na ngozi ikawa kama gundi, nikazungusha pole pole, nusu inchi huku na nusu inchi kule, na Mama anasoma Fatiha kana kwamba ninamzalisha mtu. Kikaachia.

Yaarub, chini ya mpira ule kuna duara jeupe. Ngozi ni kama siku ilipotoka kiwandani, mishono yake myekundu khasa, na juu ya mishono ile inapokaribiana, pahala pa heshima, pana mwandiko wa wino wa buluu unaoelekea weusi, kwa herufi za Kiarabu. Kikombe kimeuziba moshi usiingie, na kivuli kimeuziba mwangaza. Hakuna saini nyengine kwenye mpira mzima iliyo hai kama ile. Aliyelilaza kifudifudi ili lisionekane ndiye aliyelihifadhi.

Sikukuandikia siku ile ile. Nilikuwa nimeshakosea mara moja kwa haraka ya mapenzi, na safari hii nilitaka mashahidi.

Jumatano nikaufunga kwenye kanga ya Mama nikaenda nao soko letu la wanawake. Pale pana mzee anaitwa Bi Asya, anauza udi na ubani tangu soko linafunguliwa, na pua yake inaheshimika kuliko mizani. Sikumwambia chochote. Nilimpa mpira uliofunikwa nikamwuliza umefukizwa lini. Akaunusa upande mmoja, akaugeuza, akanusa tena, akafumba macho. Akasema huu haukufukizwa siku moja wala mwaka mmoja, moshi umelala tabaka juu ya tabaka, na mkono ni mmoja kwa sababu mchanganyiko ni mmoja, una karafuu ambayo watu wa hapa hawatii. Kisha akaniuliza kama mama yangu katokea Unguja. Mwambie yule bwana wa chama chenu kwamba na sisi tunao wataalamu, ila wao hawatumii lenzi.

Alkhamisi, yaani wiki iliyopita, Hisham akanichukua kwa gari mpaka Nizwa, tukapitia Mudhaibi. Huko Nizwa anaishi Mzee Harub, aliyekuwa mtunza stoo wa kile kituo cha Wamarekani pale Tunguu, Unguja, walipokuwa wakisikiliza chombo chao kikipita angani. Baba yako alikuwa dereva wao. Mzee Harub ana miaka sabini na tisa, mguu mmoja umepooza, lakini kumbukumbu yake imekaa sawa kama stoo yake. Kabla sijautoa mpira nilimwomba aandike jina lake kwenye daftari langu. Akaandika. Kisha nikaufungua mpira, na saini yake ilikuwepo upande wa kushoto, imefunikwa na moshi, lakini mkia wa herufi ya mwisho unarudi nyuma kwa namna ile ile, kama paka anayejitazama mkia. Wino wake na wino wa baba yako ni mmoja. Kalamu ilikuwa moja, alisema, ya mkuu wa kituo, ilizunguka mkono kwa mkono.

Akanihadithia mechi yenyewe. Kila Jumapili Wamarekani walicheza, na baba yako hukaa kando ya gari akiwangoja. Siku moja wakapungukiwa na mtu, wakamwita. Yeye mchezo alioujua ni kriketi ya skuli. Akasimama na gongo chini kama yuko uwanja wa Mnazi Mmoja, mpira ukaja, akaupiga ukapotelea kwenye mihogo. Kule kwenu, nimejifunza kwako, mtu akishapiga hulitupa gongo akakimbia. Nani alimwambia hayo?

"Alikimbia nalo mkononi, binti yangu, duru nzima," Mzee Harub aliniambia. "Wamarekani wanampigia kelele alitupe, na yeye anadhani wanamshangilia. Basi anazidi mbio."

Alicheka mpaka akakohoa, na mimi na Hisham tukacheka naye. Mpira wa kwenye mihogo haukupatikana, wakatoa mwengine, na huo ndio wakatia saini wote, wakimwachia baba yako pahala pa heshima. Nimemtazama baba yako akikimbia kwa macho ya yule mzee, Yaarub. Nilikuwa na miaka kumi na moja wakati ule na sikumbuki ila harufu ya petroli kwenye kanzu yake. Sasa ninamkumbuka anakimbia.

Basi hukumu yangu, kwa daftari na kwa utaratibu wako, ni hii. Mshono ni wa asili, haujafunguliwa. Ngozi ina moshi robo tatu, mweusi zaidi upande wa mbele chetezo kinapopita, mwepesi upande wa ukutani, na mghushi hawezi kuwa na subira ya namna hiyo. Saini kumi na moja, saba zinasomeka kwa taabu. Kwa kipimo chenu cha moja hadi kumi ninaupa mbili, na mbili yenyewe kwa upendeleo. Saini ya pahala pa heshima ni ya kweli, na ninaipa kumi, wala sitashindana na mtu.

Usiniombe niutume kwa posta. Nilimtajia Mama posta akaniambia kitu hiki hakijapata kwenda pahala bila ya mtu wa nyumba hii. Wewe uliondoka Ibra una miaka kumi na minane, ukaja tena mara moja tu kumzika mama yako, na tangu hapo tunakuona kwa picha na kofia. Mama ametimiza themanini. Goti tunalitania, lakini miaka hatuitanii. Njoo uuchukue mwenyewe. Likizo ya watoto itafika, na joto la Juni si geni kwako, wewe ni mtoto wa hapa ingawa unajisahaulisha.

Nisalimie Shurooq, mwambie ile kanga aliyoitaka nimeipata, ya rangi ile ile. Hisham na Rumaitha wanakusalimu, na Rumaitha anadai jozi mpya ya soksi. Mzee Harub anakusalimu kutoka Nizwa na anataka kujua kama unaweza kukimbia. Mama amenifanya niahidi kwamba nitakwambia hafukizi tena mpira, kwa kuwa nimemweleza unaharibika. Jana alasiri, hata hivyo, nilikikuta chetezo kimesogezwa hatua mbili kuelekea rafuni.

Nimebakisha jambo moja, na nimelibakisha makusudi ili usome mengine kwanza. Sijakwambia alichoandika.

Mechi ile ilikuwa siku mama yako alipotoka arubaini ya kukuzaa. Mzee Harub anasema baba yako hakuongea kitu kingine wiki nzima ile, mpaka Wamarekani walilijua jina lako kabla ya kulijua la kwake. Alipopewa kalamu hakuandika jina la babake wala la kabila kama wenzake. Aliandika: Adham, Abu Yaarub.

Uliniandikia kwamba mpira wenye jina la mtu mwingine hushuka daraja. Basi wetu umeshuka. Una jina lako, kwa mkono wake, na Mama ameurudisha juu ya kikombe kile kile, safari hii umetazama juu, mbele ya mlango, ili ukiingia ulione wewe kwanza.

Mola akuchunge barabarani na angani, akufikishe kwetu ungali mzima na sisi tungalipo.

Dada yako, anayekupenda na kukungoja,

Ghaniya